Bi Poliksene Amekataa

Mtafiti wa ghorofa ya tatu ana vidole vyenye adabu. Kabla ya kuiandikia akili bandia neno lolote, huvipangusa kwenye sketi ufuta wa kuluri, ule mkate wa duara anaoutafuna, akaanza na "tafadhali", kisha akajicheka mwenyewe. Kazi yake ni kubuni jiji la Thesaloniki la mwaka 2070, bahari ikiwa imeshapanda mpaka milangoni, halafu kuwauliza watu wa leo kama wanaitaka. Mezani pake pamejaa vitu vya siku ambazo hazijafika: tiketi ya boti ya kwendea sokoni, ufunguo wa nyumba inayoelea. Akikusimulia mambo ya huko, utadhani karudi jana na kuacha nguo kambani.

Leo mchana aliiambia mashine iwe Bi Poliksene, muuza mikate wa zama hizo, akamhoji kwa ajili ya ripoti inayosubiriwa jioni. Bibi akamwaga mambo matamu kweli kweli. Mwishoni mtafiti, kama anavyowauliza watu wote, akamwuliza iwapo anaridhia maneno yake yatumike.

"La, mwanangu," mashine ikaandika. "Hayo nimekuambia wewe tu."

Stratos wa meza ya pili akacheka hadi kahawa ikampalia. "Dada, huyo si umemtunga mchana huu huu? Mwamrishe akubali!"

"Mtu amesema hapana, Stratos!" akafoka, masikio yakimwaka moto, akijiona zuzu kabisa.

Akafuta mahojiano yote. Kisha akaandika, "Samahani kwa usumbufu, Bi Poliksene," akangoja, mikono mapajani, asamehewe.