Makaburi ya Waruvi

Kwa majirani wa Dunda, Abdulrazak alikuwa mwalimu wa jiografia wa sekondari, mtu mpole wa kofia safi. Kwa kundi la wasomaji wa hadithi moja ya anga za mbali, inayotumwa kwa WhatsApp kila Jumapili, alikuwa bingwa aliyegundua kwao Wasangi na kwao Wabuhu, sayari mbili ambazo mwandishi mwenyewe hakuwahi kusema ziko wapi. Walibaki Waruvi.

Waruvi wametawanyika kila pembe ya anga, na hawataji kwao mbele ya mgeni. Lakini jambo moja lilimponyoka mwandishi: Mruvi akifa popote, huzikwa uso ukitazama nyota ya kwao. Wasomaji walilipita. Abdulrazak hakulipita, maana kwao Bagamoyo maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Chukua kaburi la Mruvi katika sayari hii, vuta mstari. Chukua na la sayari ile, vuta mstari. Mistari inapokutana, ndiko kwao.

"Na wewe unajuaje kaburi halidanganyi?" akaandika Hajra wa Mapinga, muuza dagaa asiyeamini kitu. "Tuthibitishie kwanza, ticha."

Jumamosi asubuhi Abdulrazak akaenda makaburini, apige picha za dira ya simu yake mpya na kumnyamazisha Hajra. Makaburi yote yalielekea kaskazini, kama inavyopasa kwa mtu wa Bagamoyo. Kasoro moja. Hilo lilielekea bara, upande wa Fukayosi. Lilikuwa la mama yake.

Siku ya mazishi, mwaka juzi, ni yeye aliyemsimamisha Mwishehe, mchimba kaburi, aliyekuwa akifuata safu ya makaburi ya jirani. "Haya yalikisiwa tu," alisema, akainua simu. Nani abishane na mfiwa, tena mwalimu wa jiografia? Wakachimba mshazari. Baadhi ya wazee walirudi nyumbani wakiwa na wasiwasi juu ya wazazi wao wenyewe.

Sasa akalikumbuka kava la simu ile ya zamani: la ngozi, lenye sumaku ya kufungia. Akarudi nyumbani, akalitoa kwenye droo, akalisogeza karibu na dira. Mshale ukageuka kwa utii.

"Kaburi halifukuliwi sasa, mwalimu," alisema Sheikh Mwinyijuma alipomwendea kuuliza. "Hukukusudia. Muombee mama yako."

Jibu lile lilipaswa kumpoza. Lakini alijua alichokusudia siku ile: aonekane anajua.

Alimkuta dada yake Batuli uani, amekalia mbuzi, anakuna nazi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona uso umekushuka hivyo?"

Akamweleza yote. Batuli akaacha kukuna.

"Kwa hiyo Mama hatazami kibla."

"Hatazami."

"Anatazama wapi, basi? Si wewe ndiye bingwa wa kutafutia watu kwao?"

Kwa mara ya kwanza alitamani asijue. "Fukayosi."

"Fukayosi kwa nani?"

Fukayosi waliyemjua ni mmoja, Bi Shufaa, mke wa pili wa marehemu baba yao. Tangu ndoa ile, Mama hakukanyaga huko. Hata kiti chake cha barazani alikigeuza kisielekee bara.

"Razaki," alisema Batuli polepole, "umemlaza Mama amtazame mke mwenzie mpaka kiyama."

Hakuwa akitania. Abdulrazak aliitazama nazi, akatamani angalau atukanwe.

"Nifanye nini, dada?"

"Kumgeuza hatuwezi." Batuli akasimama, akajipangusa mikono kwa kanga. "Twende tukamwombe Bi Shufaa radhi. Kama ni kutazamana, watazamane kwa heri."

Walimkuta Bi Shufaa kwenye mkeka, anamenya mihogo. Kundi la wasomaji lilikuwa bado linamdai jibu la Waruvi. Simu ilitetemeka mfukoni mwa Abdulrazak, naye akaiacha itetemeke.

"Shikamoo, mama mdogo," alisema. Neno hilo hakuwahi kumwita tangu azaliwe.

"Marahaba." Bi Shufaa hakuweka kisu chini. "Amekufa nani tena?"

"Hajafa mtu, mama. Ni mimi. Nimemzika Mama vibaya."

Bi Shufaa akamtazama, kisha akalisogeza sinia la mihogo pembeni, akawapisha mkekani.