Wiki Tano za Fundi Wodini

Fundi alizoea kukaa kutwa nzima mbele ya cherehani, lakini kule akichoka aliinuka. Wodini hakuwa na hiari hiyo. Mimba ilipofika wiki ya ishirini na nane presha ilipanda, miguu ikavimba hadi viatu vikamkataa, na daktari akasema hatoki mpaka ajifungue.

Asubuhi presha, mchana presha, jioni presha na sindano. Kutoka kitandani hadi mlangoni zilikuwa hatua tisa, naye alikatazwa kuuvuka peke yake.

Siku ya nne mama mkwe alikuja na chupa ya chai. "Mwanangu, mimba mbili zimetoka, sasa hii nayo. Damu yako inamkataa mtoto wetu." Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana ilimchoma zaidi. Fundi akauchukia mwili wake, na hakuwa na pa kuukimbia.

Mkunga wa zamu, mama mnene asiyeishiwa utani, alimkuta akilia.

"Vipi tena, chai haina sukari?"

Alipoelezwa, akavuta stuli.

"Sikiliza, mdogo wangu. Kondo la nyuma lina asili ya baba pia, kwa hiyo kwa mwili wako ni mgeni. Askari wako wa damu, wale wanaopigana na magonjwa, wanalizunguka. Lakini hawalipigi. Wanasemezana nalo kwa kemikali, halafu wanasaidia kupanua mishipa damu imfikie mtoto. Kwako inaelekea hawakuelewana vizuri mwanzoni, mishipa ikabaki myembamba, na presha ikaanzia hapo. Kukataa? Ungemkataa, mtoto angekuwa bado anakupiga mateke?"

"Na zile mbili?"

"Sijui. Nikisema najua nitakudanganya."

Jibu hilo lilimtuliza kuliko pole zote alizowahi kupewa. Mama mkwe aliporudi, alimwambia, "Mama, simkatai. Nimefungwa humu kwa ajili yake."

Mkwe alisogea kando ya kitanda. Kisha akafunua shuka, akaanza kumkanda miguu.

Wiki ya thelathini na tatu macho ya Fundi yaliingia ukungu kwa presha, madaktari wakampasua haraka. Akazaliwa binti, kilo moja na nusu, akawekwa kwenye sanduku la joto. Siku ya sita Fundi aliruhusiwa kwenda nyumbani. Hakwenda. Alikaa kando ya kioo akishona kofia kwa mkono, na ilipokwisha ikamfunika mtoto hadi kidevuni. Muuguzi akacheka, akaikunja mara mbili.