Nilivunja Mkono wa Kaka Yangu Juu ya Kaunta ya Baa

Admin, jina langu libaki kwako tu. Bibi yangu huwa anasoma hii page na yeye tayari anajua kila kitu. Wale sitaki wanijue bado ni watoto wangu.

Mimi ni mwanaume wa miaka 57. Kwetu ni Magharibi, lakini nimeishi Kitengela tangu 1998, wakati ng'ombe hapa walikuwa wengi kuliko watu. Nilikuwa nafanya kazi kiwandani, nikanunua ploti kwa jirani Mmasai, nikajenga polepole. Kwenye kona ya sebule nikaweka baa ndogo: kaunta, viti virefu viwili na kabati ya chupa. Nilijivunia hiyo kona kuliko nyumba yenyewe.

Mwaka wa 2005 mchwa walimaliza ile kaunta. Kaka yangu mkubwa, tumuite Josefu, alikuwa fundi wa mbao hapo hapo Kitengela, na si fundi wa kubahatisha. Milango mingi ya mtaa wetu ni kazi yake. Pia ndiye alinisomesha baba alipofariki. Akaniambia, "Niachie hiyo kazi, wiki moja nimemaliza." Nilikataa. Nilikuwa nimechoka kuwa mtoto wa Josefu. Kila kitu changu watu walisema ni Josefu. Nilitaka kitu kimoja ndani ya hiyo nyumba ambacho nimetengeneza na mikono yangu.

Miezi miwili, kila Jumapili nikitoka kanisa, nilikuwa na msumeno na randa. Nilisugua mbao na msasa mpaka vidole vikachubuka, nikapaka vanishi mara tatu. Nikaita marafiki wanne wa kiwandani waje Jumamosi mchana waione. Josefu akaja pia. Nataka mjue kwamba yeye hakuwa anaonja pombe. Alikuwa ameshika soda.

Alitoa pima maji, kile kifaa cha mafundi cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa, kwa mfuko, akaiweka juu ya kaunta, akacheka. "Mdogo wangu, chupa ukiiweka hapa itateremka mpaka Namanga!" Watu wote walicheka. Hata Mama Faith, bibi yangu, alicheka. Kisha Josefu akaisukuma kaunta na goti aone kama imeshikwa chini. Haikuwa imeshikwa vizuri. Ilienda chini yote, na glasi zote juu yake.

"Usijali," akasema. "Jumatatu nakuja tuanze upya." Akainama, akaweka mkono wa kulia kwa mbao ili aiinue.

Nyundo ilikuwa dirishani. Niliishika nikapiga ule mkono. Ningepiga mara moja, pengine mngesema ni hasira. Nilipiga mara tatu. Ya tatu alikuwa ananiita jina, lile jina la utotoni ambalo mama tu na yeye walikuwa wanatumia, na bado nilishusha.

Akanirukia, akanigonga pua kwa kichwa chake. Tulibingirishana juu ya zile glasi, mimi nikimnyonga na yeye akinipiga na mkono mmoja. Mama Faith alinivuta shati. Nilirusha kiwiko bila kuangalia, jino lake la mbele likaanguka. Marafiki wangu walikimbia nje. Aliyetuachanisha ni yule jirani aliyeniuzia ploti. Aliingia na rungu, akanipiga bega mpaka nikaachilia. "Ero! Wewe kijana, unaua ndugu yako?" Akambeba Josefu kwa pikapu yake, nami nikapanda nyuma, damu ya watu watatu kwa shati.

Daktari aliuliza ni nini kimefanyika. Josefu aliniangalia, akasema, "Kaunta iliniangukia." Hivyo tu. Vidole vitatu havikukunjika tena. Hangeweza kushika randa, akafunga karakana. Mpaka leo ni soja wa geti huko Rongai, upande wa Laiser Hill. Fundi mzima, kazi yake ni kufungulia watu milango.

Na kwa sababu habari ilifika kwamba ni kaunta ya baa, huko nyumbani Magharibi watu walisema alikuwa mlevi. Mama yetu aliamini. Alimwambia mbele yangu, "Pombe imekula mkono wako, sasa utakula nini?" Josefu akashika kijiko na mkono wa kushoto. Mimi nikaendelea kula. Mama alienda kaburini akijua hivyo.

Desemba iliyopita tulikuwa na Josefu kwangu. Kijana wangu wa pili, ana miaka 28, alikuja amelewa akaanza kutukana mamake. Josefu akasimama, akamwambia aombe msamaha. Kijana akamsukuma mzee wa watu hadi akagonga kichwa kwa ukuta. "Mtu alijivunja mkono kwa ulevi ndiye atanifundisha adabu?" Nilikuwa nimekaa mita moja kutoka hapo. Sikuinuka kwa kiti.

Mama Faith hajaniongelesha vizuri tangu siku hiyo. Ameniambia, "Mwezi ujao familia ikikutana, sema. Usiposema, nitasimama mimi niseme, na hili pengo nitawaonyesha."

Nilimfuata Josefu kazini nikamwambia nataka kukiri. Alikataa kabisa. "Huyo kijana anakuogopa kidogo tu. Akijua, hutaweza kumkanya tena, na atakuja kuua mtu. Nimeubeba huu mkono miaka yote hii ili watoto wako wawe na baba. Usinifanye niwe nimeubeba bure."

Sijui kama anasema hivyo kwa kunipenda ama kwa kunihukumu. Kaka yangu ananiomba ninyamaze, bibi yangu ananiambia niseme, na mkutano umekaribia. Nyinyi mnaosoma, nitukaneni mkitaka, najua nimestahili. Lakini mkimaliza kunitukana, niambieni: nimtii nani kati ya hawa wawili niliowaumiza?