Uyoga Wenye Mzizi Mrefu

Nilipokuwa mtoto, nchi ikiitwa Zaïre, baba yangu, Papa, alikuwa karani mjini Bukavu, na dada mkubwa wa mama yangu, tuliyemwita Mama Mukubwa, alilima kando ya msitu wa Kahuzi. Mvua za kwanza zilipoanguka nilikuwa kwake. Alinikataza jambo moja tu: nisile uyoga ambao hakuuchimba mwenyewe.

"Kuna yenye iko na benyewe kule chini," alisema, yaani uyoga wenye wenyewe ardhini. "Ingine ilikuya tu."

Jumapili moja baada ya misa Papa alikuja kunichukua. Njiani alikuwa amechuma uyoga mweupe, mpana kama sahani, akiyaacha mashina ardhini. Mama Mukubwa hakuwapo. Papa akauchoma makaani, akala vichwa viwili, akanipa kipande. Nilikuwa nakipeleka mdomoni Mama Mukubwa alipoingia, akanipiga mkono kikaanguka.

"Shemeji, hii uliona muzizi yake?"

"Buyoga ni buyoga," Papa alicheka. "Hayo ni mambo ya bazee."

Mama Mukubwa alinishika mkono tukaenda kwenye kichuguu nyuma ya migomba. Akapiga magoti mbele ya uyoga uliofanana kabisa na ule wa Papa, akausalimia kwa Mashi, lugha ya kwao, kwa sauti ya mtu anayebisha hodi, ndipo akachimba. Mzizi ulishuka, ukazidi kushuka. Akaniambia niingize mkono. Niliuzamisha hadi karibu na bega, nikagusa kitu laini, chenye joto, kikitembea. Mchwa. Nikalia, ingawa sikuumwa. Nilijua nimeingia nyumbani kwa watu.

Hatua chache kutoka pale alinionyesha ule mwingine, wa aina aliyokula Papa. Aliung'oa kwa vidole viwili: shina lenye kisigino kinene, mzizi hakuna, na chini ya kofia ukijani uliofifia.

Tuliporudi Papa alikuwa amejikunja uani, anatapika. Alitapika hadi kesho yake, na Mama Mukubwa hakubandua kiganja kwenye paji lake. Alipona. Wakati wa kuaga alimshika shemeji yake mikono yote miwili.

Miaka mingi baadaye, shuleni, mwalimu alitueleza kwamba mchwa hulima uyoga ule wa mzizi mrefu chini ya ardhi, huulisha nao huwalisha. Wenzangu waliandika. Mimi nilikumbuka lile joto vidoleni. Mama Mukubwa hakuwahi kusoma hayo. Alikiheshimu kitu kabla ya kukijua, na naamini heshima hiyo ndiyo iliyouwahi mkono wangu siku ile kabla haujafika mdomoni.