Maharage Kumi na Moja Kwenye Ungo

Baba yangu hakuwahi kukanyaga uwanja wa mpira wenye majukwaa. Alikuwa mkulima wa kijiji cha Kitanga, kule Kasulu, na timu aliyoipenda ilikuwa Dar es Salaam, safari ya kulala njiani na kuamka miguu imevimba. Lakini mechi zake aliziona zote. Aliziona kwenye ungo.

Siku ya watani wa jadi, ikikaribia saa kumi, alimwomba mama ungo hata kama mama alikuwa bado anapepeta. Aliuweka juu ya kigoda, mbele ya redio; ya mwisho aliinunua mwaka 2012 kwa Mrundi mmoja aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipokuwa inafungwa. Kisha alifungua kopo la dawa lililokwisha dawa. Ndani yake mlikuwa na maharage mekundu kumi na moja, ambayo ni sisi, punje kumi na moja za mahindi ya njano, ambazo ni wao, na buni moja ya kahawa, ambayo ni mpira. Maharage hayo hayakubadilishwa hovyo. Kipa alikuwa lile kubwa kuliko yote. Mchezaji akiuzwa, harage lake lilirudi kwenye gunia na jingine likateuliwa, na uteuzi huo ulichukua karibu saa nzima.

Mtangazaji alisema, baba akasogeza. "Anatoa pasi upande wa kulia," na buni ikatembea kulia. Wale ambao mtangazaji hakuwataja baba aliwasogeza kwa akili yake mwenyewe. Mpira ukiwa kulia, beki wa kushoto hawezi kusimama kama nguzo, lazima arudi ndani kidogo. Akamrudisha. Nilikaa pembeni yake tangu nikiwa mdogo, na ndiye aliyenifundisha mpira, mimi mtoto wa kike, wakati kaka zangu walikuwa hawana habari.

Sikuwa mtoto wa kutulia. Mama alisema nimekalia upupu. Mechi ikiwa inaendelea, nilitaka kujua matokeo ya mechi nyingine, na kama kuna penalti, na nani kafunga kule Mwanza. Baba alinijibu bila kuinua macho.

"Matokeo hata muuza chumvi atakuletea. Wewe niambie, kiungo wetu yuko wapi?"

Na mimi nilimwambia, kwa sababu nilijua. Ndiyo fahari pekee niliyokuwa nayo katika umri ule.

Nikahamia Kasulu mjini kushona. Nilipanga chumba na cherehani yangu nyuma ya duka la mzee mmoja wa Kiislamu mwenye ndugu Tanga, na mzee huyo alikuwa na banda la kuoneshea mpira. Wanawake tulioingia pale tulihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na bado vinabaki. Mara ya kwanza nilipoketi kwenye ule ubao nilikuwa na furaha mpaka nikaona aibu. Nyasi! Jasho kwenye paji la mtu! Nilimpigia baba simu usiku ule ule kumweleza, akasikiliza yote, akauliza kiungo wetu alisimama wapi kwenye goli la pili. Nikamjibu sawasawa.

Mwenye banda hakumpenda mtangazaji wa kwenye televisheni. Alisema anaongea kama mtu anayesoma barua ya kodi. Basi alizima sauti ya televisheni, akawasha redio. Tatizo ni kwamba picha ilitoka juu angani kwa mwendo wake na redio ilikuja kwa njia yake, na redio ilitangulia. Banda zima lilipiga kelele za goli wakati kwenye picha kipa ndiyo kwanza anaufuata mpira uliotoka nje. Tulishangilia, kisha tukakaa kimya kungoja goli letu lifike. Wageni walidhani tumerogwa. Sisi tulizoea, na kuna waliosema ni bora hivyo, kwa sababu presha inashuka mapema.

Mimi sikuzoea. Ile nafasi kati ya kujua na kuona ilinikera. Sasa naweza kusema kwamba ugonjwa wangu ulianzia pale, kwa sababu tangu siku hizo nilitaka kuwa upande wa wanaojua kwanza.

Mwaka 2014 nikanunua simu kubwa. Nikaingizwa kwenye kundi la mashabiki, watu zaidi ya mia, wengi wao sijawahi kuwaona mpaka leo. Magoli yalikuja yamekatwa vipande vipande, sekunde chache chache, kabla hata mechi haijaisha. Nilikuwa nashona huku natazama goli, nakata kitambaa huku nasoma matusi. Mteja mmoja nilimpachikia mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, akaondoka na gauni lake analia. Hapo nilipaswa kujiuliza maswali. Badala yake nikawaza: baba hajaona haya! Baba bado anahangaika na maharage, mtu mzima, wakati mpira wenyewe uko hapa mkononi mwangu.

Nataka ieleweke kwamba nilifanya kwa mapenzi. Nilitaka mechi moja tu, niitazame na baba, yeye na mimi tukiona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Sikuwa na nia nyingine.

Siku ya watani nikaenda Kitanga. Nikapiga makofi ya salamu kama inavyotakiwa, nikaitikia "twakeye" kwa salamu za majirani wote, huku moyo unanienda mbio kwa sababu mtandao ulikuwa haushiki. Ukashika juu ya kichuguu nyuma ya zizi. Tukapanda wote watatu, baba, mama na mimi, baba na redio yake kwapani na ungo mkononi. Kwenye kundi kulikuwa na jamaa aliyekuwa anarusha mechi kwa kuielekeza simu yake kwenye televisheni ya nyumbani kwake. Picha ilitetemeka, na mara moja moja kichwa cha mtoto kilipita katikati ya uwanja. Lakini ilikuwa mechi, na ilikuwa ikichezwa saa ile ile.

Baba alipanga maharage yake. Redio ikasema kona, akapeleka buni kwenye ukingo wa ungo. Akatazama simu: mpira uko katikati, kuna mtu anafunga kamba za kiatu. Akarudisha buni katikati. Redio ikasema kipa ameudaka. Akatazama simu, akashika buni hewani, hakujua aiweke wapi.

"Hii ya kwako iko nyuma," akasema.

"Zima redio, Baba."

Akaizima. Alikuwa mtu mwenye adabu, na mimi nilikuwa mgeni niliyeleta zawadi. Akajaribu kufuata picha. Alisogeza harage moja, mawili, kisha akasimama.

"Wengine wako wapi?"

"Wengine akina nani?"

"Nawaona sita hapa. Wako ishirini na wawili. Huyu beki wetu wa kushoto yuko wapi?"

"Haonekani. Kamera inafuata mpira."

"Haonekani," alirudia, na akabaki ameshika harage la beki wa kushoto kati ya vidole viwili. Mtandao ukakata, kaduara kakaanza kuzunguka. Ukarudi. Ukakata. Nilikuwa nimeinua simu juu kama mtu anayetafuta mvua, jasho linanitoka, naona mechi yangu na baba inaniponyoka, na yeye ananiuliza habari za beki.

Nikamfokea. Nilisema, "Baba, achana na hayo maharage, si unaona mwenyewe? Angalia tu!"

Mama aligeuka akanitazama. Baba alikusanya maharage moja moja akayarudisha koponi, akakunja mikono, akaangalia. Aliangalia mpaka mwisho, na kila kaduara kalipozunguka alingoja. Tulishinda. Aliniambia asante, mwana wanje, mwanangu, hii kitu ni nzuri sana.

Niliporudi Kitanga baada ya kama miezi miwili, mama aliandaa ugali wa muhogo na maharage. Nilikuwa katikati ya kula nilipouliza ungo uko wapi, kwa kuwa ilikuwa siku ya mechi. Mama akasema upo jikoni, sasa ni wa kupepetea tu.

"Na kopo?"

"Baba yako kaniambia niyachanganye na mengine. Kasema siku hizi mpira unaonekana."

Nikaweka tonge chini. Sijui kama yalikuwemo kwenye sahani ile au yalishaliwa zamani, na sikuuliza. Nilimkasirikia baba kwanza, ndivyo nilivyo, nikasema moyoni kwamba wazee wana kisirani. Hasira ile haikufika hata Kasulu. Njiani nilijua nani alizima mechi zake. Alikuwa na kiwanja kizima chenye watu ishirini na wawili, mimi nikampelekea kipande chenye sita.

Mwaka 2015 nilihamishia cherehani Kibondo. Wakimbizi walikuwa wanaingia tena kutoka Burundi, mji ulifurika wageni na magari, kazi ya kushona ilikuwa nyingi na mtandao ulikuwa na nguvu. Baba akaja kutibiwa mgongo, akakaa kwangu wiki mbili. Na katikati ya wiki hizo mbili ikaangukia mechi ya watani. Nikasema Mungu kanipa nafasi ya kusahihisha.

Nilijiandaa kama mtu anayeoa. Wateja niliwaambia nimefunga. Nilijaza kifurushi. Wakati huo nilikuwa na simu mbili: kubwa niliiegemeza kwenye cherehani ili ioneshe mechi, nikamvutia baba kiti karibu, mto mgongoni, chai ya maziwa pembeni. Ndogo nilibaki nayo mkononi kwa ajili ya kundi. Niliapa kwamba akiniuliza lolote nitamjibu kwa upole, hata akiuliza mara mia.

Hakuuliza kitu. Aliinama kidogo kuelekea simu, mikono juu ya magoti, akatazama. Mimi nilikuwa natazama pia. Natazama, halafu kundi linalia, nasoma, naandika, nacheka, nainua kichwa. Mtu mmoja wa Kagera akatuma picha ya mbuzi kavaa jezi ya wapinzani. Mwingine akasema mwamuzi kahongwa. Nikajibu. Kisha ujumbe ukamiminika ghafla, na mimi nikaruka kutoka kwenye kiti.

"Goli! Baba, tumefunga!"

Kwenye simu kubwa mpira ulikuwa bado miguuni mwa beki wetu. Baba akanitazama, akatazama simu, akangoja. Goli likafika. Akatikisa kichwa taratibu, akasema ni zuri. Niliona nimemwonjea chakula chake kabla yake, lakini kundi lilikuwa linawaka moto na nikarudi kusoma.

Dakika ya themanini hivi picha ikaganda. Nikapapasa, nikazima, nikawasha, kaduara kakazunguka na kuzunguka. Nusu ya Kibondo ilikuwa inatazama mechi ile ile. Nikaanza kutukana mtandao. Baba akainua mkono kunituliza, akaegemea mto, akafumba macho.

"Ego, haya, tuache hiyo. Twende nao sisi wenyewe," akasema. "Kabla haijakatika walikuwa wamekaaje? Nisimulie, nitawaweka kichwani. Winga wetu wa kulia alikuwa wapi?"

Alikuwa ananiita. Sauti ilikuwa ile ile ya Kitanga, ya siku nilizokuwa najibu kabla hajamaliza swali. Nilitafuta kichwani mwangu. Nilimkuta mbuzi. Nilikuta kejeli na vicheko na majina ya watu wa Kagera. Uwanja sikuuona hata kona moja.

Basi nikatunga. Nilisema winga wa kulia amesogea mbele karibu na mstari, anaomba mpira, beki wao anamkaba kwa nyuma. Nilisema vizuri, kwa madaha ya redio. Baba alisikiliza mpaka mwisho, macho yamefumbwa, na nikaanza kuamini kwamba imekubali.

"Huyo alitoka kipindi cha kwanza," akasema. "Aligongwa kifundo cha mguu, akachechemea kama dakika tatu, wakamtoa. Aliyeingia ni yule mfupi, naye hachezi pembeni, anaingia ndani. Nilidhani umemwona."

Hakusema kwa ukali. Ukali ningeuweza, ningejibu. Mwaka mzima nilikuwa nalia kwamba nimemwibia baba mpira wake, na kumbe yeye alijifunza kuwatafuta wachezaji hata kwenye kioo kidogo kama kiganja. Aliyekuwa haoni alikuwa mimi.

"Sikumwona, Baba," nikasema.

"Haya, kaa."

Akaanza kunisimulia mechi niliyokuwa nimekaa mbele yake kwa dakika themanini. Alianzia mpira wa kwanza, nani aliuanzisha, nani alirudi nyuma, nani alisimama mahali pasipo pake. Alisimulia polepole ili niweze kuwapanga. Niliketi nikamsikiliza, na nasema ukweli ingawa naona haya: muda wote huo mkono wangu mmoja ulikuwa mfukoni, umeishika ile simu ndogo, na kila ilipotetemeka nilimpoteza mchezaji mmoja.