Maneno ya Kaka Nje ya Geti

Mwaka 2016 nilikuwa nashona blauzi za sari katika duka moja la Fordsburg. Mwenye duka alikuwa mjane wa Kihindi, mzaliwa wa Johannesburg hapa hapa, wa ukoo wa Kitamil. Mimi natoka Uvira, Kongo. Tulielewana kwa Kiingereza cha kuungaunga, na kwa heshima nilimwita Anti.

Siku moja alileta filamu ya Kitamil aliyoachiwa na marehemu mama yake, diski ya zamani isiyo na tafsiri, akaiweka kwenye televisheni ndogo juu ya kabati la vitambaa. Nilijikuta nimesimamisha cherehani. Mvulana na mdogo wake wa kike wanabaki yatima. Mvulana anakua akibeba magunia kwenye mashamba ya chumvi, nyayo zimempasuka, ili dada yake asome. Kisha dada anaolewa kwa watu wakubwa, na wakwe hawataki kumwona kaka mtu nyumbani kwao. Basi kaka anakuja kusimama nje ya geti. Dada yuko ndani, ameshika nondo za geti. Kaka anasema maneno mengi, polepole, bila chozi.

"Anasema nini, Anti?"

Alicheka kwa aibu. "Mimi nina Kitamil cha jikoni tu. Najua 'anna' maana yake kaka. Hayo mengine aliyajua mama." Akatazama tena. "Labda anawalaani wakwe."

"Mbona sura si ya kulaani?"

"Basi anaaga."

Hatukuridhika. Wiki nzima tuliirudia sehemu hiyo, huku mimi nikipiga pasi na yeye akikunja sari. Nilifikia kukariri sauti za maneno yale bila kujua maana ya hata moja.

Mwishowe akaingia kijana Mtamil aliyetoka India karibuni, muuza viungo wa mtaa wa pili, kuchukua nguo ya mkewe. Anti alimkalisha kwenye kiti kabla hajasema shida yake, akamwekea sehemu ile ya geti. Kijana akasikiliza, akatuangalia kama watu wa ajabu.

"Anamwambia asilale na nywele mbichi, atapata kikohozi. Na ile ndoo ya kisimani ina ufa, atumie nyingine."

"Maneno yote yale?" nikauliza.

"Na asile akiwa amesimama. Basi."

Mimi nilirudi nyumbani Troyeville nikiwa na swali ambalo halikuwahi kunijia. Chumbani nilikaa na kaka yangu, ambaye nilimwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu kwetu. Alinitoa Uvira nikiwa msichana mdogo, baada ya wazazi kufariki, na hapa alikuwa mlinzi wa jengo mjini. Nilimkuta anasugua viatu vya kazi.

"Yaya, kama usingekuwa na mimi wa kulea, ungefanya nini?"

"Ningelala," akasema. Tukacheka. Lakini brashi ilisimama mkononi. "Kulikuwa na msichana. Familia yao ilivuka kwenda Kigoma. Alitaka niende nao."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba nina mtoto."

"Mtoto ndiye mimi?"

"Nani mwingine?"

Nilitaka kujua kila kitu: jina, sura, kama walikuwa bado wanawasiliana. Alinijibu kwamba msichana huyo alikuwa mrefu, anapenda kubishana, na sasa ana watu wake. Jina alikataa katakata kunitajia. Nilimtazama akifunga kopo la rangi ya viatu, nikaona mwanamume ambaye nilikuwa sijamfahamu vizuri, ingawa tulikula sahani moja miaka yote hiyo.

Jumamosi nilimpeleka dukani. Anti alimpa kiti na chai, akawasha filamu. Yaya aliangalia zile kazi za chumvi akiguna, akaomba sehemu ya magunia irudishwe. "Wanabeba vibaya," akaniambia. "Mgongo utakatika." Ilipofika kwenye geti nilifungua kinywa kumtafsiria, akaninyamazisha kwa mkono. Alisikiliza mpaka mwisho lugha asiyoijua, kichwa kimeinama kidogo.

Baadaye Anti akamuuliza, "Na wewe, ingekuwa ni dada yako mle ndani, ungemwambia nini?"

Nilimtafsiria. Yaya alilifikiria swali lile kwa uzito kabisa.

"Mimi?" akasema. "Ningepanda ukuta."

Nilipomtafsiria, Anti alicheka mpaka akavua miwani.