Siku Poda Ilipoingia Mashini ya Biro

Malori matatu yalishindwa kutoka Kolwezi siku ile kwa sababu ya nywele zangu. Watu wa njia ya Mutoshi wangali wanasimulia jambo hili, na kila anayesimulia anaongeza lake (wako wanaosema malori yalikuwa kumi, na kwamba mimi nililia), kwa hiyo afadhali mnisikilize mimi mwenyewe, maana aibu nimekwisha kuipata yote na hamna ya kuniongezea. Kulia, nililia baadaye, nyumbani.

Bei ya shaba iliposhuka, shemeji yangu alisimamishwa kazi mgodini, na nyumba nzima ikaanza kunitazama mimi, ndugu wa mke wake, kijana niliyekuwa nauza makaa ya Mutshatsha mbele ya mlango wao. Nilitaka kazi ya biro, yaani ya ofisini, lakini shule ya ukarani ilikuwa Lubumbashi, na kama ningekwenda Lubumbashi nani angeuza makaa? Ndipo nikasikia habari za shule moja ya Ulaya inayofundisha kwa posta. Unaletewa somo, unajifunza, unajibu maswali, unarudisha, unangoja.

Nitasema ukweli kuhusu shule ya namna ile, mazuri na mabaya, kwa sababu watu hunipitia kuniuliza. Uzuri wake ni kwamba unasoma huku unauza makaa yako. Hakuna mwalimu wa kukufukuza kwa sababu ya viatu, hakuna wenzako wa kukucheka, na somo usipolielewa unalisoma tena hata mara ishirini bila mtu kukuita mjinga. Ubaya wake ni kwamba ukiuliza swali leo, jibu linakuja wakati umeshasahau uliuliza nini, na somo la tano linaweza kukufikia kabla ya la nne. Ubaya mwingine, ule mkubwa, sikuujua mpaka siku ninayowaambia.

Mashini ya kupigia barua sikuwa nayo. Shule ilijua tuko wengi namna hiyo, ikatutilia katika bahasha ya kwanza kipande cha katoni kilichochorwa vitufe vyote vya mashini, kila herufi mahali pake, ili tuzoeze vidole. Basi kila jioni mimi na katoni yangu mezani, napiga, napiga, bila kutazama, vidole vyote kumi, na watoto wa dada yangu wamenizunguka.

“Mujomba, mbona hailie?”

“Inalia mu kichwa,” niliwajibu. “Mutoke apa.”

Maswali ya shule niliyajibu kwa mkono, jinsi ya kupanga barua, kuacha nafasi pembeni, kidole gani kwa herufi gani. Nikashinda. Diploma ikaja, ina muhuri mwekundu, na dada yangu Ngoie (mimi namwita yaya, kama sisi wote huku tunavyowaita wakubwa wetu) alipoiona alipiga kelele mpaka majirani wakafikiri kuna msiba.

Mnajua desturi yetu. Aliyeshinda mtihani anamwagiwa poda kichwani, kisha anatembea nayo barabarani ili watu wajue. Yaya Ngoie hakumaliza shule, hakuna aliyewahi kummwagia poda, nafikiri ndiyo sababu alinimwagia kopo zima. Na wakati ule nywele zangu zilikuwa nyingi, nimezichana zikasimama pande zote, ndio uliokuwa mtindo. Poda iliingia, ikakaa.

Jirani mmoja akasema biro ya malori ya mzee mmoja, Tata Kapend, inatafuta karani, wa kwanza ameolewa Kasaji. Nikasema vizuri, nioge, niende kesho.

“Kesho ya nini?” yaya akasema. “Twende sasa, poda ingali. Ukinawa, bataamini nini?”

Ningekataa, lakini nikaona nikikataa nitamvunja moyo, nikatoka hivyo hivyo, naye nyuma yangu na mama wawili wa jirani, wanaimba, wanapiga makopo.

Bironi tulimkuta Tata Kapend anapiga mashini kwa kidole kimoja, jasho linamtoka, na madereva wamesimama mlangoni wanangoja karatasi zao za njia. Askari wa barrière, kizuizi cha njiani, walikuwa hawakubali karatasi ya mkono, walitaka ya mashini yenye muhuri. Malori yalikuwa nje, yamejaa chumvi na sabuni, abiria juu.

“Sitwayen, karibu!” Tata Kapend akasimama kama mtu aliyeokolewa, akiniita mwananchi kama tulivyoitana wote wakati ule. “Unajua mashini?”

“Niko na diploma, tata.”

“Basi ikala, piga!”

Nikakaa. Ile ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kugusa mashini. Vitufe vilikuwa vimepandana kama ngazi, na katoni yangu ilikuwa bapa. Nikapiga polepole, jinsi nilivyozoea. Karatasi ikabaki nyeupe.

“Anaibembeleza!” dereva mmoja akasema, wakacheka.

Nikainama nione kosa liko wapi, na poda ikaanguka ndani. Nikaipuliza, ikaingia chini zaidi. Nikatikisa kichwa kwa aibu, ikaanguka nyingine nyingi. Hapo nikapata hasira, nikapiga kwa nguvu, vidole vyote pamoja, tá! na nje yaya Ngoie, aliposikia mlio, akapiga vigelegele. Vyuma vya herufi vikashikana. Nikapiga tena, vigelegele tena. Jasho langu likadondoka juu ya poda na mafuta ya mashini, ukawa uji mweusi.

“Ondoa kichwa! Kichwa, kichwa!” Tata Kapend alipaza sauti, akavuta vyuma kwa mkono wake, viwili vikapinda, na mashini ikakwama kabisa.

Mama mmoja akashuka kwenye lori, akachungulia dirishani. “Ni weye njo ulitia poda mu mashini? Kuku zangu zinakufa na jua!”

Tata Kapend akatoka nje. Nilimsikia akimwambia yaya kwa upole, “Mama, acha kuimba,” na wimbo ukakatika katikati.

Yaya alinitangulia njia nzima hakugeuka. Nyumbani akateka maji, akaniinamisha, akaniosha kichwa yeye mwenyewe kama mtoto, na hapo ndipo nililia.

Ubaya mkubwa wa shule ya posta ndio huo: mwalimu anaona jibu lako, haoni mikono yako. Nimeapa sitakaa tena mbele ya chombo cha watu ambacho sijakigusa peke yangu kwanza.

Tata Kapend si mtu mbaya. Alimwambia yaya kwamba mashini ikitengenezwa Lubumbashi nirudi, nimenawa, anipe jaribio jingine. Kila treni ikifika yaya ananituma bironi kuuliza, na kila mara naambiwa bado. Makaa nauza mpaka leo. Diploma iko ukutani, inasema najua kupiga mashini. Kama ni kweli, hata mimi sijui.